Sakafu ya Datsun

Gari ni Datsun 240Z ya mwaka 1972, usukani kulia, milango miwili, boneti ndefu inayomfanya dereva aketi karibu kabisa na magurudumu ya nyuma. Lilifika gereji likiwa juu ya lori, bila vioo wala viti, na injini yake ikafuata kwa pikapu, imefunikwa gunia. Mjomba alilinunua kwa familia moja ya Nakuru iliyokuwa imeliweka ndani ya banda la kuku tangu kabla sijazaliwa. Kuku walilala juu ya paa na kutaga kwenye buti. Kinyesi cha kuku kinakula chuma. Ukiingia ndani na kutazama juu, unaona mwanga ukipita kwenye paa kama kwenye chujio la chai.

Ili kulipata, mjomba aliuza ploti yake ya Kitengela. Naitaja ploti mapema kwa sababu mke wake huitaja mapema pia, kila mazungumzo ya gari yanapoanza, na sioni kwa nini asiitaje.

Anachotaka mjomba ni kuliendesha gari hili katika East African Safari Classic Rally, mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza mwaka 2003 kwa kufuata nyayo za Safari ile ya awali. Hataki kuliosha na kulipeleka kwenye maonyesho, likae kwenye nyasi na kibao mbele yake. Anataka kulipeleka kwenye vumbi, Kenya na Tanzania, siku baada ya siku, kwa mwendo ambao gari la kawaida la familia lingemwaga karanga zake zote barabarani kabla ya chakula cha mchana. Ana umri wa zaidi ya miaka sitini. Alifanya kazi benki maisha yake yote. Hajawahi, kwa ninavyojua, kufanya jambo lingine lolote la kipumbavu.

Chanzo chake ni Pasaka ya mwaka 1973. Safari ilikuwa ikikimbiwa Pasaka, na mjomba, mtoto wa miaka kumi na moja, alisimama na watoto wenzake kando ya barabara ya udongo karibu na Embu tangu alfajiri. Anasema gari la Datsun la silinda sita ulikuwa ukilisikia kabla hujaliona. Sauti ilipanda mlima kwanza, kisha vumbi, kisha gari lenyewe, jekundu na boneti nyeusi, kisha mawe yaliyorushwa na matairi. Mwaka huo 240Z ilishinda ikiendeshwa na Shekhar Mehta, msomaji wake wa ramani akiwa Lofty Drews. Ilikuwa mara ya pili kwa gari la aina hiyo: mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walikuwa wameshinda nalo pia. Lakini ushindi wa 1973 ndio unaosimuliwa zaidi, kwa sababu Mehta alimaliza akiwa na alama sawa kabisa na Harry Källström, naye akiwa kwenye Datsun nyingine ya aina ya 180B, na ikabidi kanuni ya kuvunja sare itumike. Mehta alizaliwa Kampala. Mwaka mmoja kabla ya ushindi huo Idi Amin alikuwa amewafukuza Waasia kutoka Uganda. Mjomba hasimulii sehemu hiyo; hakuijua akiwa kando ya barabara, na jiwe lililompiga goti siku hiyo ndilo analolikumbuka zaidi. Kovu bado lipo. Hulionyesha bila kuombwa.

Mimi niliingizwa kwenye shughuli hii kwa sababu nasomea uzamili wa historia, na mjomba aliona hiyo ni sababu tosha ya kunikabidhi daftari. Kazi yangu ilikuwa kuandika kila kinachofunguliwa, kila kinachotupwa na kila kinachonunuliwa, na kupiga picha. Gari la mashindano ya aina hii linahitaji jalada. Kanuni za kimataifa za magari ya kihistoria, zile za FIA zinazojulikana kama Kiambatisho K, zinataka gari lilingane na hali ya kipindi chake: injini ileile, kabureta za aina ileile, breki za aina ileile, isipokuwa mambo ya usalama. Kwa hiyo gari linaombwa kuwa vitu viwili kwa wakati mmoja, ushahidi na chombo cha kazi. Mtu yeyote aliyewahi kushika hati ya zamani anajua kwamba hati haitakiwi kukimbia kilomita 160 kwa saa juu ya matuta.

Injini ilikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia, na nitaieleza kwa sababu ilinifurahisha. Inaitwa L24: silinda sita kwa mstari, sentimita za ujazo 2,393, kabureta mbili. Ukiipima, kila silinda ina kipenyo cha milimita 83 na pistoni inasafiri milimita 73.7. Sasa chukua injini ya Datsun 1600, gari lililokuwa la walimu na makarani wengi wa miaka ya sabini, inayoitwa L16. Silinda zake nne zina kipenyo cha milimita 83 na pistoni inasafiri milimita 73.7. Wajapani walichukua injini ya karani wakaongeza silinda mbili, wakapata injini ya mshindi. Maana yake ni kwamba mtu hahitaji kuandika barua Japani kutafuta pete za pistoni. Unateremka Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, unaingia kwenye duka lenye upana wa mlango wake, na unamwambia muuzaji unataka pete za Datsun 1600. Zinauzwa seti ya nne nne. Tulinunua seti mbili, tukatumia sita, pete za silinda mbili zikabaki kwenye boksi. Muuzaji alipojua ni za gari gani alitoka nje ya kaunta akampa mjomba mkono.

Bodi ndiyo iliyotugombanisha.

Gari la aina hii halina fremu, zile mbao za chuma zinazopita chini ya lori. Sakafu, nguzo za milango, paa na kuta za boneti ndizo zinazobeba kila kitu, na zote ni bati jembamba lisilofika milimita moja, lililoshikanishwa kiwandani kwa nukta za kuchomelea. Kutu ikiingia sakafuni haijaharibu urembo, imevunja mfupa. Ndiyo maana fundi wa bodi ndiye mtu muhimu kuliko wote katika kazi hii, na mjomba, ambaye kwa mambo mengine yote alitumia mekanika kijana mwenye kompyuta, kwa bodi alikwenda Kariobangi Light Industries akarudi na mzee mmoja.

Sitamtaja jina kwa sababu aliniomba nisimtaje. Alisema ana wateja wanaodhani ameacha kazi. Sote tulimwita Fundi. Alianza ufundi akiwa na miaka kumi na sita kwa Kalasinga mmoja aliyekuwa na gereji Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, na bado anapomtaja mwalimu wake huyo husema "Kalasinga wangu", kama mtu anavyosema baba yangu. Anafanya kazi akiwa ameketi kwenye kigoda cha kukamulia ng'ombe. Hutumia nyundo tano, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuzigusa.

Siku tatu za kwanza hakukata kitu. Alikwangua. Alitoa rangi, puti, lami, na chini ya lami, upande wa abiria, nyuma kidogo ya mahali pa kiti, akafika kwenye kiraka.

Nilikuwa nimeona viraka vingine kwenye gari hilo, vya hovyo, vilivyopachikwa kwa ribiti na kufunikwa puti nene. Hiki kilikuwa kitu kingine. Kilikuwa bati nene kidogo kuliko la kiwanda, limekatwa kwenye pipa la mafuta la lita mia mbili. Upande wa chini, lami ilipotoka, zilionekana herufi tatu za bluu na nusu ya herufi ya nne. Sakafu ya 240Z ina migongo, mistari iliyoinuka kutoka mbele kwenda nyuma. Mtu aliyetengeneza kiraka kile alikuwa ameigonga migongo hiyo kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, ikalingana na ya kiwanda pande zote mbili za mshono, na mshono wenyewe aliujaza kwa shaba ya manjano, kwa gesi, ukawa laini kiasi kwamba kidole hakikuuhisi. Kisha kazi yote hiyo ikafunikwa zulia. Hakuna mtu angeiona kamwe. Hakuna mtu aliyeiona, mpaka sisi.

Niliandika kurasa nne siku hiyo. Kitabu cha usajili cha gari hilo kina majina ya wamiliki watano, na tarehe za kubadilishana, na mihuri. Historia za Safari zina majina ya madereva na wasoma ramani, mwaka kwa mwaka, kuanzia 1953 ilipokuwa bado ya kusherehekea kutawazwa kwa malkia wa watu wengine. Mafundi waliolala chini ya magari hayo usiku kucha hawamo. Na hapa mmoja wao alikuwa ameandika, bila jina, kwa nyundo, kwenye bati la pipa. Nilimwambia mjomba kiraka kile kibaki. Nilisema ndicho kitu cha Kenya zaidi katika gari zima. Mjomba, ambaye ana moyo laini kwa kila kinachohusu gari hilo, alikubali mara moja.

Fundi hakukubali. Alikuwa amekwisha kukizungushia chaki.

"Hiki kinatoka," alisema.

Nilimuuliza kama haoni kazi iliyomo.

"Naiona. Mimi nimegonga migongo kama hii labda mara mia. Sote tulifanya hivi. Bati la kiwanda lingetoka wapi? Lilikuwa la kuagizwa, na leseni, na kungoja miezi. Pipa lilikuwa hapo."

"Lakini tazama alivyolinganisha. Hakuwa na haja. Zulia lingefunika."

"Haja alikuwa nayo. Bila migongo sakafu inapiga ngoma. Ukipita kwenye kokoto, abiria anadhani kuna mtu chini anagonga mlango." Akafuta mikono. "Binti yangu, wewe unaipenda hii kwa sababu hujawahi kukosa bati."

Sijapata jibu la sentensi hiyo. Nimelitafuta kwenye matatu, maktaba, na kwenye semina moja ambako mwenzetu aliwasilisha mada juu ya ubunifu wa jua kali na sote tukatikisa vichwa kwa kuridhika. Naona sasa kwamba kuna namna ya kuusifia ufundi wa watu wenye dhiki ambayo inaifanya dhiki ionekane kama mtindo waliouchagua. Hata hivyo bado naamini kiraka kile kilikuwa hati, na kwamba Fundi, kwa kukizoea, alikuwa na haki ya kutokiona hivyo ambayo mimi sina. Mambo yote mawili yanakaa kichwani mwangu bila kupatana.

Sababu zake hata hivyo hazikuwa za moyo. Zilikuwa mbili, na alizieleza taratibu, akinitazama kama niliandika. Ya kwanza ni shaba. Chuma kilichoguswa na shaba huwezi kukichomelea tena kwa umeme. Shaba inaingia kwenye mshono mpya, mshono unapata ufa unapopoa, na ufa huo unakungoja. Ya pili ni kizimba. Gari la mbio linajengewa ndani kizimba cha mabomba ya chuma ili likipinduka paa lisimshukie dereva. Bomba kuu, kwa kanuni za FIA, liwe na kipenyo cha milimita 45 na unene wa milimita 2.5, au 50 kwa 2. Kila mguu wa bomba hilo unakaa juu ya bamba la unene usiopungua milimita 3, lenye eneo lisilopungua sentimita za mraba 120, lililoshikana na bodi. Upande wa kushoto, mguu wa bomba kuu ungeangukia katikati ya kiraka. Gari likipinduka, uzito wote ungeshuka pale, kwenye bati la pipa lililoshikwa na shaba.

Wakati huohuo alijitokeza mnunuzi. Alikuwa Mzungu mmoja anayekusanya magari ya aina hii, aliyeletwa na rafiki wa mjomba, mtu mpole mwenye tochi ndogo. Bei za 240Z zimepanda sana ulimwenguni, na hayo yaliyokaa bila kuguswa yana bei ya peke yake. Alilinganisha namba ya injini na ile iliyo kwenye kitabu, akakuta zinalingana, akapumua. Kisha alipoona chaki ya Fundi sakafuni akaomba, karibu kwa kusihi, tusikate chochote. Kutu hii, alisema, viraka hivi, hata alama za miguu ya kuku, ndiyo thamani. Alitaja kiasi ambacho kingerudisha ploti ya Kitengela na kuijengea ukuta.

Nilijikuta upande mmoja na tajiri, na sikupenda. Alitaka kiraka kibaki kama nilivyotaka, tena kwa maneno yaliyofanana na yangu. Tofauti ni kwamba kwake kiraka kingebaki ndani ya ghala lenye hewa kavu huko Ulaya, na gari lisingesikika tena na mtoto yeyote kabla ya kuonekana. Datsun iliyoshinda mwaka 1971 iko hivyo, nyumbani kwake Japani, katika mkusanyiko wa Nissan huko Zama. Nimetazama picha zake kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Bodi bado ina mibonyeo. Inapendeza, na ni sawa ibaki na mibonyeo, kwa sababu kila bonyeo lilipatikana kwenye mbio ambazo jina lake linajulikana, na kwa sababu hakuna atakayeketi ndani yake akaelekezwa Amboseli kwa kasi. Gari letu halikushinda chochote. Lilibeba watu kwenda kazini, likaharibika, likatengenezwa, likaharibika. Hakuna jumba la makumbusho linalongoja gari kama hilo.

Katika gereji, nikagundua, kila mtu alikuwa na neno lake kwa kazi hii. Mnunuzi alisema kuhifadhi. Mjomba husema kufufua, neno la Pasaka, na nadhani anajua anachosema. Mimi kwenye daftari nilikuwa nimeandika ukarabati, neno la serikali, la shule na hospitali zenye mabango ya wafadhili. Fundi husema kutengeneza, neno lilelile analotumia kwa mlango wa matatu.

Aliyeamua hakuwa hata mmoja wetu. Jumamosi moja Anti, mke wa mjomba, alikuja gereji kwa mara ya kwanza. Alileta chai kwenye chupa na mandazi kwenye ndoo ndogo, akatumiminia wote, akamkaribisha Fundi wa kwanza. Alikuwa amesikia habari za mnunuzi. Nyumba nzima ilikuwa imesikia. Mjomba alikaa kimya akingoja ploti itajwe. Anti alilizunguka gari, akachungulia ndani kupitia mahali pa mlango, akatazama duara la chaki. Hakuuliza bei.

"Mzee," alimwambia Fundi, "hili likipinduka naye akiwa ndani, litamlinda?"

Fundi aliweka kikombe chini.

"Ndiyo sababu nataka kukata, mama."

"Basi kata," alisema Anti. Kisha akamgeukia mumewe: "Na wewe usiniambie tena habari za mtoto wa Embu. Nimesikia."

Mnunuzi alijibiwa kwa simu jioni hiyo. Mjomba alizungumza kwa Kiingereza cha benki, cha kukataa mkopo.

Si kila kitu kilikatwa. Mbele, kwenye ile minara miwili ambamo shokabu za mbele zinashika bodi, kulikuwa na mabamba ya pembe tatu ambayo kiwanda hakikuyaweka, yamechomelewa kwa umeme kutoka kwenye mnara hadi kwenye ukuta wa injini. Minara hiyo ndiyo inayopokea kila shimo la barabara. Bodi ya kawaida ikikimbizwa kwenye barabara zetu, hapo ndipo inapoanza kuchoka na kupasuka. Fundi alikagua mishono hiyo kwa kioo kidogo, akaipiga kwa nyundo nyepesi huku ametega sikio, akapitisha ukucha kutoka mwanzo hadi mwisho. Alichukua muda. "Huyu alijua," alisema, na akaendelea na kazi nyingine. Mabamba yamebaki. Kwa hiyo mtu aliyeimarisha minara, awe ni yuleyule wa kiraka au mwingine, atakwenda kwenye mbio. Niliandika hilo kwa herufi kubwa, kisha nikaona aibu ya herufi kubwa nikaandika upya.

Ningependa kusema niliona kiraka kikikatwa kwa utulivu. Nilishika tochi. Msumeno wa hewa ulipita nje ya mstari wa shaba, sentimita mbili ndani ya chuma kizima, na kiraka kikatoka kizima kama kifuniko cha sufuria. Chini yake sakafu ya gereji ilionekana, na unga wa kutu, na unyoya mmoja wa kuku. Sijui kwa nini nilidhani Fundi angekitupa. Alikiweka juu ya meza ya chuma, akachukua bati jipya, akalilaza juu yake, akaanza kupapasa kwa vidole kutafuta migongo iliyo chini na kuitia alama kwa kalamu ya chuma. Nilimuuliza kwa nini asipime ile ya upande wa dereva, ambayo bado ni ya kiwanda.

"Ya dereva imebonyea. Hii imenyooka."

Alifanya kazi ile siku mbili. Migongo ya bati jipya aliigonga juu ya mfuko wa mchanga, kwa nyundo ya mbao kwanza, kisha ya chuma, akisimama kila mara kulirudisha bati juu ya kiraka na kulinganisha. Bati jipya ni la unene unaotakiwa. Mshono ni wa umeme, vipande vifupi vifupi ili joto lisipinde sakafu, na juu yake bamba la milimita 3 ambalo nililipima mwenyewe, sentimita 12 kwa 11, nikaliandika. Mguu wa kizimba umekaa. Mwakilishi wa wakaguzi atakapokuja atapima bomba na bamba, na hatakuwa na sababu ya kutazama migongo.

Fomu ya kuelezea gari imekwisha kufika. Ina nafasi ya namba ya bodi, namba ya injini, mwaka, rangi, mmiliki, na mstari mmoja wa "mtengenezaji wa gari kwa ajili ya mbio". Mjomba aliniachia niijaze. Nilimuuliza Fundi kama jina lake liandikwe hapo. Alifikiri, akasema wateja wake wangedhani bei imepanda. Halafu akasema, baada ya kurudi kwenye kigoda, kwamba bei kwa kweli imepanda, na kwamba atanijibu wiki ijayo. Mstari bado uko wazi.

Kwa sasa kazi iko kwenye giaboksi. Mekanika kijana ameifungua juu ya meza, gia zimepangwa kwa mpangilio wake kwenye gazeti, na ile sili ya nyuma bado inavuja. Kwa kuwa sinia zote zilikuwa na skrubu, Fundi alitwaa kile kiraka cha pipa, akakikunja kingo kwa nyundo kikawa na ukuta wa vidole viwili, akakisukuma chini ya meza kudakia oili. Kinafaa, migongo inazuia oili isitapakae. Nimekipima kabla hakijajaa: sentimita 41 kwa 33, bila kingo. Nimeandika vipimo hivyo kwenye daftari, na chini yake aina ya oili.